Jogoo wa Serikali

Mabawa yaligonga debe gizani, kisha kukawa kimya. Wayua alifumbua macho akangoja. Alijua jogoo anajinyoosha, na baada ya kujinyoosha hukohoa kidogo kama mzee wa kanisa, ndipo huwika.

"Wika basi, bwana mkubwa," alinong'ona.

Jogoo akawika, nyumba nzima ikaamka. Kwenye kitanda kimoja na nyanya yake, Syombua, mtoto wa Wayua, alijigeuza na kulivuta blanketi lote upande wake. Syokau, mama mkwe wa Wayua, alilalamika kwamba katika maisha yake yote hajawahi kulala chumba kimoja na mfanyakazi wa serikali.

Wayua alicheka huku akipuliza moto. Alikuwa amezoea utani huo. Jogoo kweli hakuwa wa kwao. Alikuja kutoka Thika kwenye gari la ofisi ya maendeleo, mwekundu, kifua kama cha askari, pamoja na mitetea wa kizungu waliogawiwa wanawake sita wa chama. Mitetea kila mmoja alipata wake. Jogoo alikuwa mmoja, azunguke nyumba kwa nyumba kwa zamu, wiki hii kwako, wiki ijayo kwa jirani. Ofisi ilitoa masharti. La kwanza, majogoo wa kienyeji waondolewe wote, wasiharibu mbegu. Wanawake walitii, na Krismasi ile hata mbwa walishiba nyama. Sharti la pili, jogoo akipotea, chama kizima kinarudisha kuku.

Zamu ya Wayua ilikuwa inaisha siku hiyo. Jioni Idah, mwenyekiti wa chama, angekuja na kikapu kumchukua.

Alimpa Syombua uji, akapanga mayai kwenye kiondo katikati ya majani makavu, akajifunga leso vizuri.

"Mwaitu," alimwambia mama mkwe, "naenda Thika. Jogoo nimemfunga mguu hapo kwenye kinu. Kicheche asimkaribie."

"Nenda," Syokau alisema. "Mimi na yeye tutazungumza."

Njia ilipita kando ya mashamba ya mkonge mpaka darajani. Pale askari aliangalia kipande chake cha ruhusa ya kupita, kisha akaangalia kiondo. Alichukua yai moja, akalitazama juani, akachukua na la pili.

"Hili la nini tena, afande?"

"La kwanza ni la kipande. Hili ni la salamu."

"Basi leo usinisalimie wakati wa kurudi," Wayua alisema, na askari mwenyewe akacheka, ingawa mayai hakurudisha.

Dukani, Mhindi alinunua yote yaliyobaki, akasema sukari imepanda tena, na unga utapanda mwisho wa mwezi. Wayua alinunua chumvi na mafuta ya taa, sukari akaiacha. Kimeu, mume wake, alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha ngozi na kulala mtaa wa Makongeni chumba kimoja na wanaume wengine. Mshahara wake ulikuwa ukiisha njiani kabla haujafika nyumbani. Lakini mayai hayakuishia njiani, ukiacha ya yule askari. Mayai ndiyo yangempeleka Syombua shule Januari. Wayua mwenyewe alijifunza kusoma ukubwani, jioni, kwenye benchi la kanisa, mtoto akiwa mgongoni. Alitaka Syombua asome mchana, kwenye mwanga, bila mzigo mgongoni.

Aliporudi jua lilikuwa limeinama. Aliona baiskeli imeegemezwa kwenye ua wa minyaa. Harufu ya mchuzi ilimfikia kabla hajafika mlangoni. Na nyuma ya jiko, juu ya majivu, aliona manyoya mekundu.

Aliteremsha kiondo polepole, akaingia jikoni.

"Mwaitu," alisema kwa sauti ya chini. "Umefanya nini?"

Syokau alikuwa akisonga ugali. Hakugeuka. "Mgeni amekuja. Bwana Simeon wa ofisi. Amekanyaga baiskeli kutoka Thika na jua hili."

"Lakini jogoo yule..."

"Ningempa nini? Mboga? Mtu aliyetuletea kuku ale mboga kwangu, aende akasimulie kwao Ruiru kwamba Wakamba hawajui mgeni?" Sasa aligeuka. Jicho lake halikuwa na utani. "Mgeni wa heshima huchinjiwa jogoo, hachinjiwi kuku anayetaga. Jogoo zingine ziko wapi? Walituambia tuziondoe, tukaondoa. Alibaki huyo. Jogoo wa serikali, mgeni wa serikali. Nimempa chake."

Wayua alitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Lakini mama mkwe hagombezwi, na ugali ulikuwa tayari. Alinawa mikono, akabeba sahani kwenda ndani.

Bwana Simeon alikuwa kijana wa Ruiru, kaptura ya kaki imepigwa pasi, vumbi jekundu mpaka magotini. Alikuwa ameketi kwenye kiti pekee cha nyumba, naye Syombua amekaa sakafuni mbele yake akimtazama.

"Mama Syombua! Aii, leo mmeniheshimu kweli."

"Karibu, Bwana."

Alikula vizuri. Alikula paja, akala mgongo, akauliza kama kuna mchuzi zaidi. Alisifu. Alisema mke wake nyumbani hajui kupika kuku kama huyu, nyama ina nguvu, kuku wa siku hizi wa sokoni ni maji tu. Kila sifa ilimchoma Wayua kama cheche. Syombua alipewa shingo, akaifyonza.

Kisha Simeon alinawa, akafuta mdomo, akasimama. "Haya. Kazi. Memsahib, yule mzungu wa ofisi, amenituma nimuone jogoo hasa. Jumatatu anakuja na wageni kutoka Nairobi wampige picha. Yuko wapi?"

Kivuli kilitanda mlangoni. Alikuwa Idah, kikapu mkononi. "Hodi. Nimekuja kuchukua mume wa kuku zangu."

Syokau, aliyekuwa amesimama nyuma ya Idah, alisema haraka, "Kicheche. Kicheche alimchukua asubuhi."

Uso wa Simeon ulibadilika. Sauti yake ikawa ile ya mkutano. "Kicheche? Mali ya serikali inachukuliwa na kicheche, na nyinyi mnanipikia kama hakuna jambo? Huo ni uzembe. Sharti mnalijua. Ijumaa gari litakuja kuchukua kuku, nyumba zote."

"Wote?" Idah aliuliza. "Hata wangu? Bwana, wangu wanataga!"

"Wote."

Wayua alimtazama Idah, akamtazama mtoto wake. Aliona benchi la shule likiwa tupu. Kumkanusha mama mkwe wake mbele ya mgeni ilikuwa aibu, lakini kuacha kuku wa wanawake sita wachukuliwe kwa uongo wa kicheche ilikuwa aibu kubwa zaidi.

"Unisamehe, Mwaitu," alisema. "Bwana Simeon, hakuna kicheche. Mlituambia tusiweke jogoo mwingine, hatukuweka. Halafu umekuja, na wewe ni mgeni wetu. Huyo jogoo umemla."

Simeon alitazama sahani. Mifupa ilikuwa imepangwa vizuri pembeni, mikubwa, myeupe.

"Ngai, Mungu wangu," alisema.

"Paja lote," Syokau aliongeza, sasa kwa kuwa ukweli ulikuwa umetoka. "Na mgongo."

Idah aliweka kikapu chini. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kisha tumboni, akashika mlango asianguke. "Gari likija Ijumaa, Bwana, na wewe panda! Jogoo yumo ndani yako!"

Simeon alijaribu kukaza uso. Alisema atalazimika kuripoti. Wayua alimjibu kwa upole kwamba aripoti tu, na Memsahib atauliza nani alikula, na watu wa hapa hawasemi uongo wakiulizwa mara ya pili. Simeon aliketi tena. Mabega yake yalianza kutikisika, na alipocheka alionekana mdogo, kama mtu anayeweza kuwa mdogo wa Kimeu.

"Basi," alisema, akipangusa macho. "Kuku watabaki. Shambani kwa ofisi kuna jogoo mwingine kama yule. Kabla ya Jumatatu nitamleta mwenyewe na baiskeli. Lakini akina mama, tafadhali."

"Ukimleta utakuwa mgeni tena," Syokau alisema kwa huzuni ya kweli, "na sisi hatuwezi kukupa mboga."

Lilikuwa jambo zito, na hakuna sharti la ofisi lililolitaja. Simeon alijikuna kichwa.

Syombua alitoa shingo ya kuku mdomoni.

"Jogoo aje peke yake," alisema.