Siku Kisiwa Kilipozibwa

Roswitha Kaltenegger alikuwa na adui mmoja tu pale maabara, na adui huyo hakuwa mtu. Kilikuwa kisiwa.

Mashine yetu, kaskazini mwa jiji la Munich, ni chumba cha chuma chenye umbo la donati. Ndani yake tunachemsha gesi mpaka inageuka plazma, yenye moto kuupita hata moyo wa jua, ingawa uzito wake haufikii punje moja ya mchele. Hakuna chombo cha kuishika. Inashikwa na sumaku, ambazo nguvu zake zimeizunguka tabaka juu ya tabaka kama kitunguu. Tabaka zikiwa nzima, joto hutulia ndani. Ila mara nyingine tabaka moja huchanika, ikajiunga vibaya, ukatokea uvimbe uliojifunga peke yake. Huo ndio kisiwa. Joto huvujia hapo. Kisiwa huzunguka pamoja na plazma huku kikinenepa na kupunguza mwendo, na kikisimama kabisa, plazma yote hugonga ukuta na kufa. Sakafu hutikisika hadi chumba chetu cha uongozaji.

Korbinian Aschauer, msimamizi wa zamu, alikuwa ameunganisha vipimo vya sumaku na spika, kwa hiyo kisiwa tulikisikia: mluzi mwembamba unaoshuka, unaoshuka, halafu kishindo.

Silaha ya Roswitha ilikuwa mwali wa mawimbi kama yale ya jiko la maikrowevu, ila mkali mno, unaoelekezwa kwa kioo cha shaba. Ukipiga katikati ya kisiwa, unapitisha umeme palepale palipochanika, na tabaka zinaungana. Ukikosa kwa upana wa vidole viwili, kazi bure. Majira yote ya baridi alikuwa amekosa.

"Leo ndiyo mwisho, dada," Korbinian alimwambia asubuhi hiyo, mdomo umejaa mkate wa chumvi. "Kesho kioo wanapewa kundi lingine."

"Mzee Hergensröther ameshaniambia mwenyewe."

"Basi lenga pale hesabu inaposema, tumalize."

"Hesabu imesema tangu theluji ya kwanza, na mimi nimekosa tangu theluji ya kwanza. Mwali unapinda ukiingia kwenye plazma, Korbi, unapinda kuliko tulivyodhani. Leo silengi. Kioo kitembee polepole, kipapase chenyewe. Kisiwa kikianza kusinyaa, kompyuta isimamishe kioo hapohapo."

"Kipapase! Kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo?"

"Wewe si huwa unalipata mwishowe? Au mkeo ndiye anayekufungulia?"

Tulicheka wote, isipokuwa Dakta Hergensröther, mkuu wetu, aliyesimama nyuma amekunja mikono.

"Na ukuta ukipasuka?" aliuliza.

"Ukipasuka, Dakta, mtajua wa kumlaumu."

Dakta alikunjua mikono. "Haya. Piga."

King'ora kililia. Kwenye skrini ukatokea mwanga wa waridi, lakini pembezoni tu. Katikati palikuwa peusi tii, kwa sababu pale ni moto mno hata mwanga wa kuonekana kwa macho hautoki. Nimetazama jambo hilo miaka mingi na bado nywele hunisimama.

Kisha mluzi.

"Kimezaliwa," Korbinian akasema.

Kioo kikaanza kutembea. Mluzi ukashuka, ukawa mzito, ukawa kama mngurumo wa ng'ombe aliye mbali. Mwali ulikuwa unapapasa na hakuna kilichobadilika. Korbinian alishika meza kwa mikono miwili akingoja kishindo. Roswitha hakushika kitu.

Mngurumo ukasita, halafu ukapanda. Taratibu kwanza, kisha haraka, ukarudi kuwa mluzi, ukawa mwembamba kama uzi, ukakatika. Spika zikabaki na mvumo mdogo tu. Kwenye skrini mstari wa joto ulikuwa unapanda, na plazma ikaishi mpaka sisi wenyewe tulipoizima.

Hakuna aliyepiga makofi. Ungedhani tumeingia mahali tusipostahili kuongea.

"Kimekwenda wapi?" Korbinian alinong'ona, na yeye alijua vizuri kuliko wengi.

"Hakijaenda popote," Roswitha akajibu. Machozi yalikuwa yanamtiririka naye hana habari. "Pameungana. Korbi, pameungana!"

Kitu ambacho hakuna mkono utakaowahi kukigusa kilikuwa kimechanika mbele yetu, na mwanamke huyu alikuwa amekishona.

Dakta Hergensröther alikohoa. "Yaweza kuwa bahati. Rudieni."

Lakini sauti yake haikuwa ile ya mwanzo. Wakati sumaku zinapoa, alivuta kiti, akakaa sikio likiwa karibu na spika, akavua miwani na kufumba macho. Hatukuwahi kumwona hivyo.

Mluzi ulikuja tena, ukashuka, ukasita, ukapanda, ukapotea.

Mzee hakufumbua macho upesi. "Bi Kaltenegger," alisema hatimaye, polepole, "kioo ni chako. Sasa nakuomba, mama, kama wenzako hawajachoka, nisikilizishe mara moja nyingine."