Alama ya Mfalme kwenye Jiwe la Mzee Ndwiga

Mukiri, mchonga mawe wa Kibugu, alikitazama kikaratasi alichopewa uani kwa marehemu mzee Ndwiga kama mtu aliyeonyeshwa panya ndani ya sufuria ya githeri. Mistari mitatu ya kulala, na mmoja wa wima ukiipitia katikati.

"Inasomwa wang," alisema Riungu, mwana wa marehemu, akizungusha ufunguo wa gari kidoleni. "Ni mfalme. Mstari wa juu mbingu, wa kati watu, wa chini ardhi. Huu wa wima ndio mfalme mwenyewe, anaviunga vyote. Kule China ninakonunua vigae, kila mtu anaijua. Ichonge kubwa kwenye jiwe la kaburi, juu ya jina la baba."

"Haiandikwi ila kwa wafalme?"

"Aah, ni jina la ukoo pia. Wako mamilioni."

"Basi hata muuza sukuma wiki wa huko ni Wang."

"Wewe chonga, fundi. Usinichokoze."

Mukiri alikiweka kikaratasi juu ya jiwe. Miezi minane yeye, jirani tu, ndiye aliyemgeuza mzee Ndwiga kitandani na kumwosha kidonda cha mgongo kilichotoka usaha. Riungu alikuwa hapo Embu mjini, na hakufika hata siku moja. Alituma picha yake, amevaa suti. Leo kaja na manukato na ufalme.

"Sichongi," alisema Mukiri. "Baba yako alilalia mavi yake. Huo mstari wako wa wima ulikuwa umeunga nini na nini?"

"Chunga mdomo! Mafundi wamejaa sokoni Manyatta. Jiwe ni langu, nalipeleka huko."

Hapo Mukiri akaogopa. Lingechongwa tu, na mzee angelala chini ya uongo ule hadi kiyama. Akamgeukia Eunice, mjane wa mzee, aliyekuwa akichambua maharagwe meusi ya njahi mlangoni.

"Mama, sema neno."

Eunice hakuinua macho. "Riungu, hapa kwetu hatukuwa na mfalme. Wazee walikaa, wakasikizana. Baba yako alikuwa mmoja wao, akitoka kuchuma chai."

"Mama, hii ni heshima."

"Heshima ilikuwa beseni la maji. Kaburi limo shambani mwangu. Jiwe lenye kitu hicho halitapita lango hili. Mukiri, andika Ndwiga. Basi."

Riungu alikwenda kukaa garini, akapandisha vioo.

Mukiri alishika patasi, akaiweka chini, akatema mate nyuma ya ua, akairudia. Akaanza na N ya Ndwiga, akisimama kila mara kulitazama gari. Herufi ya kwanza ilimchukua nusu saa.