Chanzo: Mwiko

Uliona, ukapita. Usiseme chaji ilikuwa imekwisha, wala usiseme mtandao ulikuwa unasuasua. Ulimwona mwanamke akipigwa mawe ndani ya kiganja chako mwenyewe, ukasogeza picha juu, ukaenda kumcheka paka aliyetumbukia kwenye ndoo. Na tumboni mwako, saa hiyo hiyo, kulikuwa na chakula ulichofundishwa na mwanamke huyo kupika. Fadhila za punda ni mashuzi, wahenga walisema, na enzi hizo punda hakuwa na simu.

Basi kaa, usikie ulichokipita.

Mwanamke huyo anaitwa Mwiko. Ni jina la kubandikwa, alilopewa na wapishi wenzake kwenye kantini ya jengo moja la ofisi, kwa sababu hata akiitwa kwa meneja huenda na mwiko mkononi. Mchana aliwapikia makarani na mabosi wao. Jioni alirudi kwenye nyumba ya kupanga, jiko lenye dirisha moja na bomba lisilonyamaza, akawapikia watu asiowajua. Yeye alipika, wifi yake akapiga picha, kisha Mwiko akakaa kwenye kiti cha plastiki na kuandika maelezo moja kwa moja kwenye ukurasa wake mtandaoni, kwa kidole kimoja, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika.

Huyu wifi ni dada wa mume aliyeondoka zamani. Mume aliondoka, wifi akabaki. Kila jioni ya kupiga picha alitundika shuka jeupe kwenye mlango wa kabati ili mwanga wa dirishani urudi kwenye chakula, akapanda stuli na kuanza kuamrisha.

"Geuza mkono! Unashika sufuria kama umeikamata ugoni."

"Piga, wifi, acha maneno. Chakula kinapoa."

"Kikipoa tutakipasha kwa mdomo wako, huo moto wake hauzimwi na mtu."

Walicheka. Walikosana juu ya jambo moja tu: wifi alitaka jina la Mwiko liandikwe juu ya kila picha, pale katikati, pasipokatika. Mwiko alikataa katakata.

"Nani anaandika jina juu ya chakula cha watu? Ukimkaribisha mgeni, unamwandikia sahani?"

"Wageni wengine wanaondoka na sahani."

"Basi alikuwa na shida ya sahani."

Ndivyo alivyokuwa. Jina lake halikuandikwa, lakini ya wengine aliyaandika yote. Mstari wa kwanza wa kila maelezo yake, kabla ya unga, kabla ya chumvi, ulimtaja aliyemfundisha. Hii nimeipata kwa jirani wa chini. Hii ni ya yule muuza mboga mwenye miwani. Hii nilifundishwa na mama mkwe, Mungu amrehemu. Kupika cha mtu bila kumtaja, kwake, ilikuwa sawa na kula kwa watu ukaondoka bila kuaga.

Cha mama mkwe kilikuwa mchuzi wa karameli wa kumwagia keki. Sukari unaiyeyusha kavu kwenye sufuria mpaka iwe nyekundu kama shaba, halafu unatia maziwa. Hapo penye maziwa ndipo penye hatari, na hapo ndipo Mwiko alipoandika kuliko popote: "Sukari iliyoyeyuka haina adabu. EPUA kwanza. Maziwa yawe ya moto, ya baridi yatairusha. Mimina kidogo kidogo, uso wako uwe mbali, na mtoto asiwe jikoni." Onyo lilikuwa refu kuliko vipimo. Watu walimtania, wakasema anapika kama anaendesha ambulensi. Lakini walipika, na hakuna aliyeungua.

Kuna mwanamke mwingine anajiita Malkia wa Jiko. Wafuasi wake wakisimama barabarani magari hayapiti, na kampuni ya masufuria inamlipa ayashike akitabasamu. Malkia aliichukua picha ya keki ile ya karameli. Akaukata mkono wa Mwiko, kwa kuwa mkono ule una kovu na kucha zake hazina rangi, akaandika jina lake mwenyewe kwa herufi za dhahabu juu ya keki. Maneno nayo akayakata yaenee chini ya picha: "Yeyusha sukari, mimina maziwa, koroga, furahia!"

Wifi aliiona akiwa kwenye foleni ya benki. Aliiacha foleni.

Mwiko alimwandikia Malkia kwa adabu, akaacha namba yake. Malkia akapiga.

"Dada yangu," Mwiko alianza, "ile picha ya karameli ni ya kwetu. Sina ugomvi. Taja tu ulikoipata, na lile onyo ulirudishe, watu wasije wakaumia."

"Wewe ndiye nani vile?"

"Mwiko."

"Mwiko wa mbao au wa plastiki?" Nyuma yake kicheko kikalipuka. Alikuwa ameweka spika. "Mama, mapishi hayana mwenyewe. Au sukari umeivumbua wewe?"

Wifi alimpokonya Mwiko simu. "Vipimo ni vya dunia nzima, hatukatai. Maneno ni yake. Picha nimeipiga mimi, na picha ina mwenyewe, hata sheria inasema. Unataka picha, piga yako. Au masufuria yote wanakupa ya kushika tu?"

"Nyinyi mna njaa," Malkia alisema, na sasa hakucheka. "Na huyo mwizi wenu ameandika mwenyewe, mstari wa kwanza, kwamba kafundishwa na mama mkwe. Kwa hiyo si yake. Mtaniambia nini?"

Alikata simu. Kisha akafanya lile ambalo Mwiko hakulijua hata kuliota: alimtangulia kushtaki. Aliwaandikia wenye mtandao kwamba mpishi fulani wa kantini ameiba picha yake. Huko hakuna mtu anayesoma, kuna mashine. Mashine ikaweka mbele picha mbili, moja ina jina la dhahabu, nyingine haina jina. Ikaamua. Maelezo ya karameli yakaondolewa. Mwiko alipoyaandika upya kutoka kichwani, ukurasa wote ukafungwa, na kila alichowahi kuandika humo kikaenda. Ujumbe ulikuwa mfupi: amekiuka hakimiliki.

"Yaani tumejiibia," wifi alisema.

Mwiko alikuwa anatazama kioo kitupu cha simu, mahali palipokuwa na majirani wote wale.

Halafu fundi cherehani mmoja, msichana anayeshona sare za shule chumbani kwa mama yake, akatamani keki. Akafuata ya Malkia. Sufuria ikiwa bado juu ya moto, akainama aone vizuri, akamimina maziwa kutoka kwenye friji. Sukari iliruka yote kwa pamoja. Ikamshika shavu, shingo, na mkono wa kulia, ule unaosukuma kitambaa chini ya sindano. Sukari haimwagiki kama maji. Inaganda, na ukiivuta inatoka na ngozi.

Kaka yake aliiweka mtandaoni picha ya bandeji, akauliza nani anawafundisha watu kujichoma. Ikasambaa. Malkia hakuifuta ile picha yake. Ilikuwa imependwa mno. Alienda chini kabisa ya maneno yake akaongeza mstari mmoja: "Chanzo: Mwiko, mpishi wa kantini." Kisha akajirekodi akilia, kope zikiwa hazijalowa, akisema yeye alisambaza tu, aulizwe mwenyewe.

Mwiko alikuwa ameomba atajwe. Akatajwa.

Wakamwita mchawi, muuaji, nguruwe. Mmoja aliandika kwamba angefaa kuogeshwa karameli yake mwenyewe, na waliopenda maneno hayo walikuwa wengi kuliko wote waliowahi kumshukuru kwa chakula. Kantini nako, mwosha vyombo alimwita mbele za watu: "Mwiko, chai yangu usitie maziwa, nina mtoto wa kulea!" Jiko zima likacheka. Walicheka hata wale aliokuwa akiwashikia zamu walipofiwa.

Meneja alimwita. Hakumwambia akae.

"Mimi sisemi umefanya. Nasema wateja wanasema."

"Bosi, niliandika waepue kwanza. Niliandika kwa herufi kubwa."

"Nionyeshe."

"Wamefunga ukurasa."

"Basi hukuandika. Ijumaa nakaa na wenye jengo. Uje na hayo maandishi. Ukija mikono mitupu, aproni uache hapo mlangoni, tusisumbuane."

Alikwenda kwa fundi, yeye na wifi. Mama mtu alifungua mlango, akamtazama juu hadi chini.

"Umekuja kuona kama ameiva?"

Lakini sauti ya ndani ilisema waingie. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Sare zilizokatwa zilikuwa zimerundikwa kitandani, hazina mikono. Msichana aliongea kwa upande mmoja wa mdomo.

"Nilifuata neno kwa neno."

"Si maneno yangu hayo, mwanangu. Onyo langu lilisema epua. Lilisema maziwa ya moto, uso mbali…"

"Nionyeshe."

Wifi akampa simu. Kulikuwa na ile picha yenyewe, nzima, sufuria na mkono wenye kovu. Msichana aliitazama, akautazama mkono wa Mwiko, akaitazama tena.

"Picha naamini ni yenu," alisema. "Maneno je?"

"Niliyaandika kule kule. Yamefutwa."

"Hata mwizi husema hivyo," mama mtu alidakia.

Msichana alifumba jicho lililokuwa linafumbika. "Kama uliyaandika, kuna watu waliyasoma. Wako wapi? Mbona hata mmoja hajasema?"

Mama mtu akawatoa nje kama anavyotolewa kuku sebuleni.

Tangu hapo wifi amekuwa akiwaandikia wafuasi anaowakumbuka, wale waliokuwa wakituma picha za keki zao na kumwita Mwiko mama. Wanasoma. Alama inaonyesha wamesoma. Mmoja tu alijibu: "Pole sana mama yangu, ila sitaki kuingizwa." Wengine wako huko kwa Malkia, wanampa pole kwa kusingiziwa. Mwiko anazidi kuuliza, "Kuna aliyejibu?" Wifi anasema bado, na anageuza uso.

Sasa wewe. Uliipika karameli ile, na hukuipika kwa kubahatisha. Ulipiga skrinshoti ya maelezo yote ili usirudi mtandaoni na vidole vyenye unga. Ipo. Ipo kati ya picha za risiti na picha za harusi ya binamu yako. Una neno "EPUA" kwa herufi kubwa mfukoni, na mwanamke anazikwa kwa kukosa neno hilo. Usiseme humjui, ulimwita mama. Usiseme Malkia atakushambulia; atakushambulia, na utakula jioni kama kawaida. Fungua simu. Itafute. Mtumie fundi kwanza, yeye ndiye aliyeuliza. Kisha mtumie meneja, kisha iweke hadharani, kuanzia mstari wa mama mkwe hadi wa mwisho, usikate neno. Ijumaa haijafika. Acha kusoma, tuma.