Zoezi la Kusikiliza

...na asijibu haraka, ndivyo mwalimu wao Firmin alivyowafundisha tangu asubuhi, asimkatize, asimsimulie ya kwake, maana mtu aliyekuja na mzigo hakuja kupokea wa mwingine, na Ninahazwe alikaa kwenye benchi la ukumbi wa parokia, pale Uvira, magoti yake yakigusana na ya Félicité aliyemjua tangu Jumatatu tu, zoezi la wawili wawili, mmoja mwenye shida, mmoja mshauri, maigizo tu, hata walicheka wakati wa kugawana, "Weye utakuwa mushauri, minye nitalia," Félicité alisema, na sasa halii, anaangalia sakafu, "Vita ilitukuta Nyakabere, mu mahindi"... Nyakabere, kumbe alipita kwetu, lakini nani hakupita kwetu mwaka ule, barabara yote ya kutoka Kamanyola ilijaa magodoro vichwani na watoto migongoni, tikisa kichwa, Ninahazwe, onyesha unasikia, "nilikuwa na mimba, nikashindwa kukimbia, muntu moja akarudi kunibeba, sikujua jina yake, mukono yake haikuwa na kidole gumba, akaniambia mashini ya kusaga muhogo ndiyo ilikikula"... na ukumbi ukamzunguka Ninahazwe, sauti za wale wengine zikapotea, kidole gumba, damu ndani ya unga, yeye mwenyewe ndiye aliyeufunga mkono ule kwa kitenge chake, na Libérat, mume wake, akicheka huku anauma meno, akimwambia, usitupe huo unga, mama... Libérat aliyevuka mto Ruzizi, walisema, Libérat aliyeonekana Buyenzi, ng'ambo, na mwanamke mwingine, aliyekatazwa kutajwa nyumbani, ambaye picha ya harusi yao yeye Ninahazwe aliikata katikati kwa wembe, watoto wakiangalia... "akanilaza mu mufereji, akanifunika na majani, maaskari wakakuja, yeye akatoka, akakimbia upande ingine ili wamufuate, wasinione"... nyamaza, Félicité, nyamaza, hapana, sema, "nikasikia risasi, kisha nikamuona pale chini"... Firmin akapita nyuma yao, akasema polepole, "Vizuri, mama Ninahazwe, unasikiliza vizuri," na kichwa cha Ninahazwe kikatikisika chenyewe, kwa hiyo Libérat hakuvuka mto, hakufika Buyenzi, hakukuwa na mwanamke yeyote ila huyu, aliyekuwa na mimba, anayemgusa magoti, na miaka yote hii yeye amekuwa mjane akijidhani mke aliyeachwa, amemtukana marehemu kila jioni akisonga ugali, na watoto wamejifunza kumchukia baba yao kwa mdomo wake yeye... "Niache hapo?" Félicité akauliza, macho yamemjaa, "nisamehe, dada, hii haikuwa maigizo," na Ninahazwe akaishika mikono yake yote miwili, mizima, ya moto, akasikia sauti inatoka kifuani mwake bila kutetemeka, "Hapana, usiache," akasema, "endelea. Mulimuzika wapi?"