Ufunguo Wangu Simpi Mtu

Mshonaji hakuja kutibiwa siku ile. Alikuja kudai faili lake.

“Nipeni niondoke nalo,” alimwambia dada wa mapokezi, mkoba ameshautua juu ya meza kama mtu anayesubiri chenji yake.

“Mama, mafaili hayakai tena kabatini. Yako kwenye kompyuta.”

“Basi lichomoeni kwenye kompyuta.”

Dada wa mapokezi akageuka kunitafuta. “Mawingu! Njoo huku, una mgeni.”

Mawingu lilikuwa jina langu pale kliniki. Nilikuwa nimeajiriwa nikiwa bado nanukia chuo, nihamishe mafaili ya wagonjwa kutoka kwenye mashine zetu za zamani kwenda kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi zilizo mbali ambazo unazifikia kwa mtandao. Kila asubuhi hakukosekana mtu wa kuniuliza kama leo mvua itanyesha. Nilishazoea.

Nikamkalisha mshonaji kwenye benchi la nyuma, karibu na mizani ya watoto. Alizungumza kwa sauti ya chini. Kuna mteja alikuja dukani kwake kuchukua gauni, akakataa hata kulijaribu. Alisema havai nguo iliyoshikwa na mtu anayemeza vidonge vile. Akavitaja kwa jina.

“Jina lenyewe mimi ninayevimeza bado linanishinda kulitamka,” mshonaji alisema. “Nani kamwambia?”

“Sijui, mama.”

“Hujui, au unamficha mwenzako?”

“Sijui. Na hakuna hapa anayeweza kujua.”

Ilikuwa kweli, na ilikuwa aibu. Kliniki nzima iliingia kwenye mashine kwa jina moja na nywila moja. Nywila yenyewe ilikuwa jina la utani la kitinda mimba wa meneja, na mwaka aliozaliwa. Mtoto alipofanyiwa sherehe pale pale kliniki, keki ililetwa ikiwa imeandikwa nywila yetu juu, kwa rangi ya bluu, na muuza mayai wa getini akakatiwa kipande. Mtu yeyote angeweza kulisoma faili la mshonaji, na mashine ingesema tu kwamba limesomwa na “kliniki”.

Mshonaji akafunga zipu ya mkoba. “Vidonge vyangu vinaisha Jumatatu. Jumatatu nitakuja, nitakuuliza swali moja tu: nani amelifungua faili langu? Ukinijibu sawasawa, nitakaa kwenye hili benchi lenu nisubiri dawa. Ukibabaika, naondoka. Na mkinifuata nyumbani nitawamwagia maji.”

“Mama, ukiziacha hizo dawa...”

“Najua kinachotokea. Daktari wenu alinieleza. Sikujua kama alikuwa anaueleza mtaa mzima.”

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kuufungua mfumo mpya. Mpango niliuandika mimi, daktari akausoma na kuusaini: kila mfanyakazi atakuwa na ufunguo wake, yaani jina lake, nywila yake na namba inayokuja kwenye simu yake, kila mtu ataona kinachohusu kazi yake tu, na mfumo utakumbuka nani kafungua nini. Mashine tutakazokodi zitakuwa za kimo chetu, zikilala tukifunga milango na kuamka tukifungua. Zile za zamani zitazimwa moja kwa moja. Lakini meneja akaupiga mpango wangu panga. Nywila ibaki ile ile ya wote, alisema, na mashine za zamani zisizimwe.

Meneja alikuwa mjomba wangu, mdogo wake mama.

Nikamfuata kwenye chumba cha baridi. Ndivyo tulivyokiita chumba cha mashine, kilichozungushiwa vioo ili wageni wazione taa zikipepesa. Viyoyozi viwili vilinguruma humo usiku na mchana, na mjomba alitundika nyuma ya mlango koti zito la kuvaa akiingia. Wafanyakazi walipoozea humo chupa zao za maji. Nje, upande wa pili wa kioo, wagonjwa walijipepea kwa kadi zao, maana feni ya dari ilizimwa kubana matumizi ya umeme.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Hapa kazini mimi ni meneja.”

“Shikamoo, meneja.”

“Marahaba, mpwa wangu. Sema.”

Nikamweleza habari ya mshonaji. Akacheka, si kwa ubaya. “Sisi hapa ni familia. Ukimpa kila mtu ufunguo wake unamwambia nini? Kwamba humwamini. Watu wataninunia.”

“Familia, mjomba? Chumba chako cha kulala kina kufuli mbili.”

“Usinijibu hivyo.” Akaipigapiga mashine iliyokuwa karibu kama mtu anayembembeleza ng'ombe. “Na hizi nilizinunua mimi. Siku wingu lako likipasuka, tutarudi hapa.”

“Likipasuka tuna nakala ya akiba, iko mahali pengine kabisa, imefungwa kwa ufunguo wa siri. Nimejaribu kuirudisha, imerudi nzima. Lakini hizi, mjomba, zina mafaili yote ndani, na zinafunguka kwa nywila ya keki. Ni sawa na mtu ahamie nyumba mpya, ile ya zamani aiache milango wazi, vitu vyote ndani, taa na friji vinawaka. Umeme unaoliwa na chumba hiki ungetosha feni za kliniki nzima.”

“Na hizo za wingu ulizokodi, mbona umechukua ndogo? Chukua kubwa kabisa, zikeshe zinafanya kazi. Watu wajue tumehamia.”

“Zikeshe zinamfanyia nani kazi, mjomba? Usiku hapa yupo mlinzi tu.”

Akavua koti. Nikajua maongezi yamekwisha. “Jumatatu utafungua kama nilivyosema. Hutaki, nitatafuta mwingine. Vijana wenye vyeti wamejaa tele.”

“Sitafungua hivyo,” nikasema. Neno lilikuwa limeshatoka, na sikutaka kulirudisha.

Jioni nilimkuta mama anapiga pasi. “Mjomba wako amepiga simu. Eti umemvunjia heshima mbele ya viyoyozi.”

“Nimemwambia ukweli.”

“Yule ni tumbo moja na mimi. Ndiye aliyekuombea hiyo kazi.”

“Mama, ungependa muuza mayai asome faili lako la hospitali?”

“Muuza mayai ananihusu nini mimi?”

“Ndiyo hapo sasa.”

Akaupiga pasi mkono wa shati uliokuwa tayari umenyooka. “Mwambie kwa heshima.”

“Nimemwambia kwa heshima.”

“Mwambie tena.”

“Akikataa tena?”

Mama akaisimamisha pasi. “Basi heshima itakuwa imeshafanya kazi yake, na wewe ufanye yako. Sasa toka hapo, unanikalia waya.”

Jumamosi nilipita meza kwa meza, kila mtu atengeneze ufunguo wake. Daktari alinikubalia kwa kichwa, akakimbilia wagonjwa wake. Hakuwa mtu wa kupenda ugomvi. Dada wa mapokezi alimaliza haraka, akanifukuza nisichungulie vidole vyake. Mfamasia akanuna.

“Kwa hiyo mimi ni mwizi?”

“Hapana, kaka. Lakini siku mtu akiiba siri ya mgonjwa kwa jina la wote, na wewe umo kwenye hao wote.”

Akachomoa simu yake mfukoni. “Haya, nionyeshe,” akasema.

Kwa mjomba nilirudi kama mama alivyoniagiza. Nilimwamkia, nikamweleza upya, nikamtengenezea na yeye ufunguo: wa meneja, unaoonyesha bajeti, mishahara na ratiba. Alitia sahihi fomu ya kuupokea bila kuniangalia. “Jumatatu tutaona,” alisema.

Jumatatu aliingia amevaa suti. Akaketi kwenye kompyuta ya mapokezi, akajaribu nywila ya keki. Ikagoma. Akaingia kwa ufunguo wake.

“Haya. Ngoja nimwone huyu mshonaji wenu mlalamishi anaumwa nini hasa.”

Dada wa mapokezi akaniangalia. Mjomba aliandika jina, akabonyeza, akasogea karibu na kioo cha kompyuta. Akabonyeza tena.

“Inasema sihusiki.” Akageuka. “Mimi! Kliniki naiendesha mimi, halafu sihusiki?”

“Bajeti unahusika, mjomba. Ugonjwa wa mtu, hapana.”

“Basi kule kwangu nitaliona.” Akainuka, akaelekea chumba cha baridi.

Alikuwa sahihi. Kule angeliona. Kule faili la mshonaji lilikuwa bado wazi kama dirisha lisilo na pazia, na mashine isingemwuliza yeye ni nani. Nikampita mlangoni. Mafaili yote yalikuwa yameshahama na nilishayahakiki. Hapakuwa na kitu cha kusubiri isipokuwa ruhusa yake, na ruhusa yake nilishaiomba mara mbili. Nikazizima mashine moja baada ya nyingine, kwa utaratibu wake, kisha viyoyozi. Ngurumo ikashuka, ikafa. Kwanza tukaisikia saa ya ukutani, halafu mtoto anayekohoa kule nje.

“Washa,” mjomba alisema.

“Siwashi.”

“Nakuamuru kama meneja wako.”

“Nakukatalia kama mfanyakazi wako.”

“Nakuamuru kama mjomba wako!”

“Shikamoo, mjomba. Siwashi.”

Wafanyakazi walikuwa wamejaa mlangoni. Mjomba akawageukia, jasho limeanza kumtoka; chumba kilikuwa kinapata joto upesi. “Sawa. Nipeni funguo zenu zote, niziweke mimi. Kila mtu aandike hapa.”

Hakuna aliyesogea. Dada wa mapokezi akakunja mikono. “Ufunguo wangu simpi mtu, bosi. Hata mume wangu haujui.”

“Na mimi simpi,” mfamasia alisema.

“Unaona ulichofanya?” mjomba akaniambia. “Umewafundisha kiburi. Kusanya vitu vyako. Kazi huna.”

Daktari alitokea nyuma yao, kipimo cha mapigo ya moyo bado kinaning'inia shingoni. Alikohoa kidogo. “Meneja, mpango niliusaini mimi. Kama ni kumfukuza mtu, utaanza na mimi. Nina wagonjwa wanasubiri, kwa hiyo amua upesi.”

Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo ambayo hayakuwa majina ya dawa. Mjomba akalegeza tai.

Ndipo mshonaji akaingia. Hakujua kilichotokea, na hakuuliza. Alinyooka moja kwa moja kwangu, watu wote wakiwa pale.

“Nimekuja. Nani amelifungua faili langu?”

Nikamwonyesha kiti karibu na kompyuta, akakataa kukaa. Nikatazama kumbukumbu ya mfumo. “Aliyelifungua zamani, mama, sitamjua kamwe, na sitakudanganya. Tangu lihamishwe limefunguliwa na watu wawili. Daktari leo asubuhi, alipokuandikia upya dawa zako. Na mfamasia baada yake, alipoziandaa. Yeye ameona dawa tu.”

“Hao tu?”

Mjomba alikuwa amesimama hatua chache nyuma yangu, na nilijua anaisikia pumzi yangu. Ningeweza kusema hao tu. Isingekuwa hata uongo.

“Waliolifungua ni hao tu. Kuna mwingine amejaribu leo, akakataliwa.”

“Nani?”

“Meneja.”

Mshonaji akamtazama mjomba kuanzia viatu hadi tai. Mjomba akatoa leso. “Nilikuwa najaribu tu kama inafanya kazi,” alisema.

“Na ikakukatalia?”

Akajifuta uso. “Ikanikatalia.”

“Wewe, na suti yako yote?”

“Mama, imenikatalia.”

Mshonaji akacheka, kicheko kifupi kikavu, kisha akaenda kwenye benchi, akaketi, akaupakata mkoba. “Niiteni zikiwa tayari,” alimwambia mfamasia. Kisha akanyoosha kidole kuelekea kwangu, lakini maneno aliyaelekeza kwa mjomba. “Na mwezi ujao nikirudi, nimkute huyu binti hapa. Nina swali lile lile la kumuuliza.”