Betri Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Mwaka wa sabini na nane lori la Kalondu lilivunjika ekseli pale Emali, likiwa limejaa vitunguu. Kalondu alikuwa mjane asiyependa kitu kikae bure. Akasema hata kama magurudumu yamelala, betri hazijalala. Utingo wake akazing'oa, akazibeba, akazifunga tena vilevile zilivyokuwa kwa lori, chini ya kitanda cha Kalondu mwenyewe, mahali ambapo mwizi hafiki. Kisha Kalondu akamwambia binti yake Ndila, "Mume wako aniwekee taa. Jumapili jioni akina mama wa kanisa wanakuja kuomba kwangu."

Mume wa Ndila, Mutie, alikuwa fundi wa umeme, na kwa hesabu hakuna aliyemshinda soko zima. Shida ilikuwa chumba. Kwa Wakamba mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hamtaji jina, wala hakanyagi anapolala. Heshima hiyo huitwa nthoni, na Mutie aliishika kama mtu aliyeshika yai.

Basi akafanya kazi akiwa nje. Akatoboa ukuta, akasukuma waya, Ndila akazipokea ndani.

"Betri ni volti ngapi?" akauliza kupitia tundu.

"Imeandikwa kumi na mbili."

Alitaka kuuliza ziko ngapi na zimeshikanaje. Lakini Kalondu alikuwa ameketi hapo mlangoni akichagua maharagwe, na yeye, mkwe, aulize kilicho chini ya kitanda chake? Aibu ikamziba mdomo. Akachukua karatasi ya mfuko wa simiti, akapiga hesabu. Balbu ya gari, wati thelathini na sita. Gawanya kwa volti kumi na mbili: ampea tatu. Volti kumi na mbili gawanya kwa ampea tatu: ukinzani wa balbu ni omu nne. Safi kabisa. Akanunua balbu nne kwenye duka la spea la Yakub.

Jumapili jioni nyumba ilijaa. Mutie alisimama nje, karibu na dirisha, akisikiliza. Kalondu alikuwa amechangamka.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nina mgeni analala chumbani kwangu. Mkwe wangu anamtaka, na kumsalimia hawezi."

"Betri!" akina mama wakaangua kicheko. "Haya, washa tumwone huyo mgeni!"

Ndila akabonyeza swichi. Mwanga ukaja mweupe kupita kiasi, watu wakafunika macho, na kabla hawajasema amina balbu zote nne zilikuwa zimekufa. Harufu ya kuungua ikabaki gizani.

"Ndila, mume wako ametuletea taa au radi?" mmoja akauliza.

"Labda amesomea kuzima!"

Masikio ya Mutie yakawaka. Akasema kupitia dirisha neno la kwanza lililomjia. "Ni balbu za Yakub. Ni mbovu."

Jumatatu, siku ya soko, Kalondu alienda dukani na wenzake watatu. Akamwita Yakub mwizi mbele ya madereva wa malori, kwa ile sauti yake ya kuuzia vitunguu. Halima, mke wa Yakub, alifunga mlango wa duka mchana kweupe.

Jioni Yakub akamwita Mutie dukani. Hakugomba. Alichukua balbu kutoka boksi lilelile, akaiunganisha na betri yake moja, ikawaka. Wakanywa chai, chai ikaisha, balbu bado inawaka.

"Fundi, nipigie hesabu nijue kosa langu," akasema.

Mutie akashika chaki, akaandika kwenye kaunta: kumi na mbili. Chaki ikasimama hapo. Aliaga bila kumaliza.

Nyumbani akamuuliza Ndila, "Chini ya kitanda ziko betri ngapi?"

"Mbili. Chanya ya hii imefungwa kwa hasi ya ile."

Mutie akakaa chini. Zikishikana hivyo volti hujumlishwa: ishirini na nne. Omu ni zilezile nne, basi ampea sita. Ishirini na nne mara sita, wati mia moja arobaini na nne. Balbu ya thelathini na sita ilibebeshwa mzigo mara nne.

"Sema waya zilikuwa mbaya," Ndila akamwambia. "Nani atajua?"

Hakula usiku huo. Aliona mlango wa duka ukifungwa, kila alipofumba macho.

Asubuhi akasimama nyuma ya ukuta wa jiko la mama mkwe, uso ameugeuzia shambani. "Ndila, mwambie mama balbu zilikuwa nzima. Mwenye kosa ni mimi. Niliona haya kuuliza."

Kalondu, hatua tatu tu kutoka hapo, akajibu. "Ndila, mwambie mtu wako kwamba nimemtukana mtu sokoni kwa sababu ya haya zake. Sasa tutazigawana."

Akajifunga leso, akaenda kwa Yakub. Mutie alimfuata hatua ishirini nyuma. Mlango ulikuwa wazi nusu; hapo wote wawili wakaomba msamaha, kwa sauti ya chini.

"Jana hukunong'ona, mama," Halima akasema.

Madereva wakageuka. Kalondu akarudia kwa sauti yake ya vitunguu. Mutie naye akapaza yake, mpaka koo likamkwaruza: kosa ni la fundi. Yakub akaitika kwa kichwa. Halima akafungua na kile kipande cha pili cha mlango.

Waliporudi, Kalondu aliamuru betri zitolewe uani. Akavuta kigoda kando yazo, akaketi, akampa Mutie mgongo.

"Ndila," akasema, "mwambie mtu wako aulize anachotaka. Simwoni."

Mutie akapiga magoti, jasho likimtoka. "Mama," akaanza swali lile la siku ya kwanza, "zimefungwa vipi?"