Uso wa Nyuma ya Pazia

Tarumbeta ya kwanza ilipolia juu ya paa la jumba la michezo, Gilbert Pask alikuwa ameketi kwenye sanduku la mavazi, akimtazama Ambrose Tull akivaa viatu. Viatu vyenyewe vilikuwa vya Pask, vile vikubwa vya kishamba vya kufungwa kamba. Alikuwa amewachekesha watu navyo miaka kumi na saba, mpaka soli zikachukua umbo la nyayo zake.

"Vinanibana kidogo, mzee wangu," Ambrose alisema.

"Havijakuzoea."

"Vitanizoea."

Kijana hakusema kwa kiburi, na hilo ndilo lililomkera Pask. Angekuwa na kiburi, angemchukia kwa raha. Huyu alikuwa anamwamkia kila asubuhi na kumwachia nafasi karibu na moto. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, na Pask alikuwa amekonda hata mkanda ukaongezwa tundu.

Uamuzi wa kumweka mahali pa Pask haukuwa wa Ambrose. Waliokata shauri ni wakubwa wa kikundi, wale sita wenye hisa, wanaokaa mezani na kuku wa kuchoma wakigawa maisha ya watu. Bwana Hewett, mmoja wao, ndiye aliyetumwa kumwambia Pask.

"Gilbert, unaongeza maneno. Mtunzi anaandika mistari kumi, wewe unasema arobaini. Wenzako wanasimama kama nguzo, hawajui waingilie wapi."

"Watu wanacheka."

"Watu wanacheka, mchezo unakufa. Sasa Ambrose atacheza mchekeshaji, na ngoma yako ya kufungia mchezo ni yake. Wewe utakuwa bawabu."

Pask hakumwambia sababu ya kuongeza maneno. Katika kazi ile kila mtu hupewa karatasi ya maneno yake peke yake, pamoja na mkia, yaani maneno machache ya mwisho ya mwenzake anayemtangulia. Ukisikia mkia wako, unatokea. Usipousikia, unakaa nyuma ya pazia hata jua lizame. Na Pask hakujua kusoma. Aliyekuwa akimsomea ni mkewe, Thomasin, binti wa mshona glavu, huku akikoroga uji wa shayiri. Akisoma mara tatu, Pask ameshika. Tangu Thomasin afe, Pask alishika mwanzo na mwisho kwa kusikiliza wenzake, katikati akajaza mwenyewe.

Thomasin alikufa mwaka ule wa tauni. Wakubwa wa mji walifunga michezo yote, wakubwa wa kikundi wakawapeleka wachezaji kuzunguka mikoani. Huku nyuma, nyumbani kwa Pask, mpangaji mmoja wa chini akaugua, wakaja watu wa serikali wakaufunga mlango wa nyumba nzima kwa komeo la nje, wazima na wagonjwa humo humo, na mlinzi akasimama na mkuki. Pask aliporudi, alama nyekundu ya tauni ilikuwa ingali mlangoni. Komeo lilikuwa limeshaondolewa, kwa kuwa ndani hapakuwa na wa kufungiwa tena.

Kilichobaki kwake ni ule uso. Kila mchezo, kabla ya kuingia jukwaani, Pask alikuwa akichomoza kichwa tu kwenye mpasuko wa pazia, jicho moja amelifumba, mdomo umepinda, na watu elfu mbili wakavunjika mbavu kabla hajasema neno. Uso huo hakuubuni yeye. Usiku akichelewa kilabuni, asubuhi Thomasin alikuwa akichungulia kwenye pazia la kitanda hivyo hivyo, amekunja uso kwa mwanga, aone mume amelala sakafuni akiwa mzima au nusu. Pask aliuchukua akaupeleka jukwaani. Sasa Ambrose anaufanya uso huo, tena anaukosea, na watu wanacheka vile vile. Kumpa mtu viatu ni jambo moja. Mke je?

Tarumbeta ya tatu ikalia. Pask akatoka na rungu la ubawabu. Alikuwa na maneno matatu hivi ya kusema, halafu mkia wa Ambrose: "Mlango uko wazi, pita." Alisema yale matatu. Mkia akaubania kooni.

Badala yake akaanza kuongea na rungu lake. Akaliuliza kama nalo limepewa karatasi. Uani mbele ya jukwaa, watazamaji waliosimama wakatabasamu.

"Bawabu, ni nani yuko nje?" akapaza sauti mtu mwenye mfuko wa njugu.

"Mkubwa mmoja. Ananukia kuku."

Hapo wakacheka kweli, na kicheko kikampanda Pask kichwani kama pombe ya sikukuu. Alijua Ambrose yuko nyuma ya pazia ameganda. Kijana hakujua mchezo mzima, alijua mkia wake tu. Na akae huko, Pask aliwaza. Na akae mlango umefungwa, aone inavyokuwa.

Akaongeza neno la mkuki, akaongeza la komeo. La komeo halikuwa na kichekesho, na alipolianza hakuona pa kulimalizia. Kicheko kikapungua. Mtu akapasua njugu, ikasikika uwanja mzima.

"Mzee, umelala?" mwenye njugu akauliza. "Fungua basi, tuone wengine."

Pask akalihamisha rungu mkono wa pili.

Ndipo uwanja wote ukapasuka kwa kicheko. Aligeuka. Ambrose, amechoka kungoja, amechungulia kwenye mpasuko. Safari hii hakuigiza. Alikuwa anatoka gizani kwenye mwanga wa mchana, jicho la kulia limejifumba lenyewe, mdomo umepinda kwa hofu, anamtazama Pask aone kama ni mzima.

Miaka yote Pask alikuwa nyuma ya uso ule. Kuuona kutoka mbele, hakuwa ameuona tangu amwache Thomasin akaenda mikoani.

"Mlango," alisema. "Mlango uko wazi. Pita."

Ambrose akapita, na mchezo ukaendelea.

Nyuma ya jukwaa Bwana Hewett alikuwa akimngoja, amekunja mikono. "Kesho usije, Gilbert."

"Nimesikia."

"Ulikuwa unafikiri nini?"

"Nyinyi wenye hisa ndio wa kufikiri," Pask akasema, akaenda kukaa kwenye sanduku.

Mchezo ulipokwisha Ambrose alitoka jukwaani jasho likimtiririka, akasimama mbele yake. Viatu vilikuwa vimeshamkata visigino.

"Ulinishikilia makusudi, mzee wangu."

"Ndiyo."

"Nilidhani nimesahau. Nilidhani umezimia." Pask hakuomba radhi, naye hakuidai. "Wanaita ngoma. Niende?"

"Nenda." Kijana alipofika kwenye pazia, Pask akamwita. "We Ambrose. Siku zote unafumba jicho la kushoto. Leo umefumba la kulia."

"Sikukusudia."

"La kulia ndilo. Na usitabasamu. Mwenye uso ule alikuwa hatabasamu mpaka aone unapumua."

Ambrose alitaka kuuliza ni nani, lakini filimbi na kigoma vilikuwa vimeanza. Akatoka. Watu wakapiga kelele za furaha, na viatu vikaanza kugonga mbao.

Mguu wa kulia wa Pask ukaanza kufuata mdundo pale sakafuni. Aliutazama kidogo, akainama, akaushika kwa mikono miwili mpaka ngoma ikaisha.